Mlevi wa Shaba

Jina la Tulia hakupewa kwa sifa, alipewa kwa kuchokwa. Mama yake alimwambia tulia asubuhi akimfunga vifungo vya shati, akamwambia tulia wakati wa kula, akamwambia tulia mbele ya wageni, mpaka watoto wa jirani wakadhani ndivyo anavyoitwa. Jina la kweli likabaki kwenye vyeti, mahali ambapo hakuna mtu wa kuliita. Sasa kichwa chake kimeingia mvi, binti yake wa pekee ameolewa, na bado akikaa kwenye kiti goti lake la kulia linacheza peke yake kana kwamba limesikia muziki ambao wengine hawausikii. Mkewe amekwisha kuzoea. Wakialikwa mahali humtafutia kiti karibu na mlango, ili akiinuka asikanyage miguu ya watu.

Kazini, kwa muda mrefu, tabia hiyo haikuwa kasoro. Ilikuwa riziki. Tulia alikuwa mtu wa boila kwenye kiwanda cha kufulia, kiwanda kilichopokea mashuka ya hospitali na ya hoteli yakiwa machafu na kuyarudisha yakiwa yamepigwa pasi na kukunjwa. Boila lilikuwa tangi la chuma lenye ukubwa wa chumba, na mabomba yalitoka humo yakatambaa ukutani hadi kwenye mashine za kufulia na za kupigia pasi. Kitu kama hicho hakitaki mtu aliyetulia. Kinataka mtu wa kuzunguka: atazame maji, atazame moto, aguse bomba kwa nyuma ya mkono, na juu ya yote asikilize. Mvuke ukipata upenyo, hata mdogo kama tundu la sindano, unalia. Sss. Katika siku zake za mwanzo pale, mwenzake mmoja aliupuuza mlio huo kwenye kiungo cha bomba, akapita mbele yake na beseni la nguo. Kiungo kikaachia, na mkono wa yule bwana ukachunika kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Tulia ndiye aliyemkokota nje. Tangu siku hiyo mlio wa mvuke ukimfikia masikioni hawezi kumaliza sentensi aliyoianza. Huondoka na spana kwenda kukaza. Wenzake walikuwa wakimtania wakati wa chai kwa kupitisha pumzi kwenye meno nyuma ya mgongo wake, sss, ili wamwone anavyoruka.

Kisha boila likaondolewa. Zililetwa mashine za umeme, nyeupe, kimya, zinazojichemshia maji yao zenyewe, na lile tangi likakatwa vipande kwa gesi na kupakiwa kwenye lori. Tulia hakufukuzwa. Afadhali angefukuzwa, angalau angepata mtu wa kumkasirikia. Alipewa kiti. Kiti, na ukuta wenye taa. Taa ikiwa ya kijani, asifanye lolote. Ikiwa nyekundu, apige simu, na mafundi wa waliouza mashine watakuja. Taa ile haikuwa na tabia ya kuwa nyekundu. Alipokwenda kwa meneja kuomba apewe kitu cha kutengeneza, hata magurudumu ya vitoroli vya nguo tu, meneja, kijana mwenye adabu zake, alimpigapiga begani.

"Pumzika, mzee wangu," alimwambia. "Umetumika sana."

Yapo matusi yanayosemwa kwa sauti laini, na hilo ni mojawapo. Mtu mwenye mikono inayojua kazi, ukimkalisha mbele ya taa ya kijani kutwa nzima na kumlipa kwa kutogusa kitu, hujampumzisha. Umemzika mapema, kisha unamsalimia kila asubuhi akiwa kaburini. Dunia imejaa viti vya namna hiyo, na wanaovigawa hurudi makwao wakiamini wametenda wema.

Ndipo Tulia alipojitwalia chumba cha binti yao. Binti alikuwa ameondoka na kitanda chake, kimebaki kijisanduku na alama za picha ukutani. Tulia akatengeneza humo meza ya kazi kwa mbao za meza kuukuu ya kukunjia mashuka kiwandani, akafunga jiliwa la kubania vyuma kwenye kona yake, akapanga tupa zake ukutani kuanzia ile ya kuparuza hadi ile ya kulainisha, na kwa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa akajiundia mashine ya kukereza iliyotetema kama mtu mwenye homa lakini ikakereza. Na humo akaanza kuunda injini ya mvuke.

Ilikuwa injini ndogo, ya kukaa kiganjani. Injini nyingine za mvuke zina valvu za kufungua na kufunga njia. Hii haina. Silinda yake, kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba, imening'inizwa kwa ekseli moja kwenye nguzo ya shaba. Gurudumu likizunguka, fimbo ya pistoni huisukuma silinda iyumbe kushoto na kulia. Ikiyumba upande mmoja, tundu lake linakutana na tundu la nguzo linaloleta mvuke, nayo inapata nguvu. Ikiyumba upande wa pili, linakutana na tundu la kutolea nje, nayo inapumua. Nyuma ya nguzo kuna springi ndogo na nati, kazi yake kuivuta silinda ikae imebana usoni pa nguzo. Basi, hakuna kingine. Ni injini ambayo ikitulia imekufa, na pengine ndiyo sababu Tulia aliipenda kabla hajaimaliza.

Mkewe alipoiona kwa mara ya kwanza ikiyumba, alisimama mlangoni na sindano mdomoni, akaitoa ili acheke vizuri.

"Huyu ni mlevi," alisema. "Hebu mtazame anavyorudi nyumbani."

Jina likashika. Majirani wakawa wanauliza mlevi anaendeleaje, na mgeni asiyejua aliondoka pale akidhani familia ina matatizo.

Lakini Mlevi hakuwahi kuonja mvuke. Tulia alimzungusha kwa pampu ya baiskeli tu. Alikuwa amekwisha kumtengenezea boila lake, kipande cha bomba la shaba kilichozibwa huku na huku, chenye valvu yake ya usalama na kitaa cha spiriti cha kuwekwa chini. Kila kitu kilikuwa tayari, na kila kilipokuwa tayari Tulia aliona kasoro. Pistoni imelegea kidogo, haya, aikereze upya. Tundu halijakaa katikati, haya, aunde nguzo nyingine. Alimfungua Mlevi na kumfunga, akamfungua na kumfunga, na wala hakuonekana kukusudia kumaliza. Akimaliza, kesho yake mikono hii itafanya nini?

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni. Ilianza kwa kukaa pembeni, kisha vitambaa vikashika kochi, kisha vikashika meza ya kulia, mpaka ikawa mtu akitaka kukaa lazima aombe ruhusa ya sketi ya mtu. Siku moja akapata kazi kubwa, sare za shule nzima, na mwenye shule akazitaka kabla ya kufungua muhula. Alihitaji msaidizi na cherehani ya pili. Alihitaji mahali pa kukatia. Alihitaji chumba, na kwenye nyumba ile chumba kilikuwa kimoja tu cha kuombwa, nacho kilikuwa cha mlevi.

Hakukiomba siku hiyo. Alikuwa mwanamke wa kupima kwanza. Kilichomtoa kwenye kupima ni mshono. Asubuhi moja cherehani yake ilianza kutoa mshono wenye vitanzi kwa chini, kama kazi ya mtoto anayejifunza. Akalaumu uzi. Akabadilisha uzi. Akalaumu sindano, akabadilisha sindano, akamlaumu na muuza duka aliyemuuzia zote mbili. Mwishowe akafungua kile kikombe kidogo cha kukazia uzi mbele ya cherehani, akaitoa springi iliyokuwamo, akaigeuza mwangani. Kisha akamwita mumewe kwa sauti tamu. Tulia aliijua sauti hiyo, na hakuipenda.

"Baba, njoo uone ajabu," alisema. "Springi hii ni ngeni hapa."

"Springi ni springi," Tulia alijibu.

"Hii imekunjwa kwa mkono, tena kwa waya wa breki ya baiskeli. Ya kwangu iko wapi?"

Tulia akatazama dirishani kana kwamba springi huenda ikapita barabarani.

"Iko kazini," alisema.

Ilikuwa nyuma ya nguzo ya Mlevi. Alikuwa amejaribu springi za kila namna, za kalamu, za kufuli, za taa ya mkononi. Zilizokuwa laini zilikuwa laini mno, na ngumu zilikuwa ngumu mno. Ile ya cherehani ilikuwa kama imezaliwa kwa ajili yake. Aliitoa mkewe akiwa sokoni, akaweka ya waya, akajiambia kwamba mwenyewe hatajua.

Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu kwamba watu huibiwa na majirani, yeye anaibiwa na mtu ambaye yeye ndiye humfulia soksi. Kisha akaendelea, na sasa utamu ulikuwa umetoka sautini. Springi akae nayo, atanunua nyingine. Kitakachorudi ni chumba. Amepata kazi ya maana, amechoka kukata vitambaa juu ya magoti, na tangu binti aondoke hajawahi kuona kitu chochote kikitoka kwenye chumba kile isipokuwa vumbi la shaba linaloingia kwenye chakula.

Kaka yake alikuwepo, na hapo mambo yaliharibika zaidi. Shemeji alikuwa muuza nyama, mtu mkubwa, mcheshi, aliyezoea kuongea kwa sauti ya kushinda kelele za buchani. Alikuwa amekuja kusalimia tu, akajikuta amepata sinema.

"Lakini shemeji, tuongee kiume," alisema. "Huyu mlevi wako kazi yake hasa ni nini? Maana mimi kisu changu kinakata. Cherehani ya dada inashona. Huyu anafanya nini?"

"Anazunguka," Tulia alisema.

"Kwa pampu. Hata feni inazunguka, na haijawahi kudai chumba."

Damu ikampanda Tulia. Akasema Jumapili, shemeji huyo huyo akiwa shahidi, atamwasha Mlevi kwa mvuke wa kweli. Akizunguka mwenyewe mpaka maji yaishe kwenye boila, chumba ni chake na asisumbuliwe tena. Akigoma, chumba ni cha mkewe, na yeye Tulia kwa mikono yake atabeba kila kitu kukitoa nje.

"Sijasema tuwekeane dau," mkewe alisema polepole.

"Mimi nimesema."

Alijifunga kitanzi mwenyewe, akakikaza. Na alijua anachokitia rehani. Nje ya chumba kile kulikuwa na kochi la sebuleni, na mtu anayetoka kwenye kiti cha taa ya kijani kwenda kwenye kochi, kisha kutoka kwenye kochi kurudi kwenye kiti, anahesabiwa hai kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kumkagua.

Siku zilizofuata hakukalika. Kazini goti lilicheza mpaka miguu ya kiti ikapiga sakafu, na wapiga pasi wakamwomba ahamie kwenye zulia. Akirudi hakuvua viatu. Alitandika msasa juu ya kioo, akausugua uso wa silinda na uso wa nguzo hadi nyuso zote mbili zikawa zinarudisha sura ya mtu. Akatia tone la oili, akafunga, akapiga pampu, akainamisha sikio. Kulikuwa na mnong'ono. Mdogo sana, wa hewa kupenya kati ya silinda na nguzo. Akakaza nati ya springi. Kesho yake akasikiliza tena, akausikia tena, au akadhani ameusikia, akakaza tena. Kufikia Jumamosi Mlevi hakuwa na mnong'ono wowote. Alizunguka kwa pampu, ingawa kwa uzito fulani, kama mtu aliyevaa koti la kubana. Tulia akauita uzito huo uimara.

Jumapili shemeji alifika mapema na nguo za kutokea. Akachagua kiti, akakiweka katikati ya chumba, akaketi na mikono juu ya tumbo kama hakimu. Mke wa Tulia akasimama ukutani. Hakuwa na furaha ya mtu anayesubiri kushinda, alikuwa amefumbata mikono tu na kutazama moto.

Tulia akawasha spiriti. Maji yakaanza kuguna ndani ya boila, kisha yakachemka, kisha valvu ya usalama ikatikisika kidogo kuonyesha kwamba nguvu ipo. Akafungua kijibomba cha kwenda kwa Mlevi, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Gurudumu likaenda nusu, likagonga kitu kisichoonekana, likarudi. Akasukuma tena. Nusu, likarudi. Kwenye kona ya silinda ikatokea punje ya maji, na nyuma ya punje ile, sss.

Mkono wake ulifika kwenye nati kabla yeye hajaamua. Akakaza. Akasukuma gurudumu, na sasa hata nusu haikufika.

"Shemeji," yule muuza nyama alisema, "naona mlevi ameacha pombe."

Akaicheka mwenyewe, kicheko chake cha buchani. Akaongeza kwamba labda ana aibu mbele ya wageni, labda tumgeuzie mgongo. Tulia alisukuma, akafuta maji, akasukuma. Jasho lilimdondokea kwenye kioo. Kadiri alivyosukuma ndivyo kicheko kilivyopungua, mpaka shemeji akawa anaangalia viatu vyake. Spiriti ikaisha. Boila likaguna kidogo likanyamaza.

Shemeji akainuka, akatafuta kofia ambayo tayari ilikuwa mkononi mwake.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa nimesinzia."

"Umeona, shemeji," Tulia alisema. "Asante kwa kuja."

Shemeji alipoondoka, Tulia alibaki amesimama. Mkewe akasogea mezani, na kwa kuwa hakuwa na neno la kufariji lililomjia, akauliza swali la kikazi. Aliuliza springi yake inafanya nini pale nyuma.

"Inabana. Mvuke usivuje."

"Kwangu haikuwa ikibana," alisema. "Ile springi kazi yake si kuuzuia uzi. Kazi yake ni kuuachia upite kwa adabu. Ukiikaza hivyo uzi unakatika, au kitambaa kinajikunja. Wewe umeikaza mpaka imelala."

Tulia alitaka kumwambia kwamba mvuke si uzi. Lakini alikuwa anaitazama ile punje ya maji kwenye kona ya silinda. Kwa pampu Mlevi alizunguka. Kwa mvuke aligoma. Tofauti ni nini? Hewa ya pampu inabaki hewa. Mvuke ukiingia kwenye shaba baridi unageuka maji, na maji hayabinyiki. Pistoni ilikuwa inayasukuma maji yasiyo na pa kwenda, kwa kuwa yeye alikuwa ameziba kila mahali. Silinda ile ilitakiwa iweze kujiinua kidogo kutoka kwenye nguzo, iyateme, irudi. Na aibu ilikuwa kwamba jambo hili alilijua. Kila asubuhi ya kazi yake pale kiwandani, kabla ya kuruhusu mvuke uende, alikuwa anafungua vibomba vya chini kumwaga maji yaliyolala kwenye mabomba baridi. Mikono yake ililifanya mpaka kichwa kikaacha kulifikiria. Kilichobaki kichwani ni kukaza.

Akalisema lote hilo kwa haraka, maneno yakikanyagana. Mkewe akasema basi ailegeze.

Akajaza maji, akawasha spiriti iliyokuwa imebaki chupani. Boila lilipochemka alichukua spana ndogo, akaiweka kwenye nati, na mkono ukakataa. Ulikataa tu, kama punda. Kulegeza kiungo chenye mvuke, kwa makusudi, uusikilize ukilia, kisha usimame pale pale. Alimwona yule bwana wa beseni, alimsikia.

"Legeza wewe," alisema, akimpa mkewe spana.

"Mimi sijui."

"Ndiyo maana nakupa."

Mkewe akaizungusha nati kidogo, akatazama, akaizungusha kidogo tena, kichwa kikiwa upande, kama anavyofanya akipima mshono. Mlevi akakohoa. Akatema maji ya moto ukutani, akatema mengine kwenye shati la Tulia, akayumba kushoto, akayumba kulia, na gurudumu likaondoka bila kidole cha mtu. Sss, sss, sss, kila mzunguko na mlio wake. Likashika kasi mpaka spoki zake hazikuonekana tena, na oili ikatawanyika hewani, na chumba kikanuka kama mlango wa kiwanda siku za nyuma.

Tulia alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kila mlio ulimvuta. Mkewe aliuficha mkono wenye spana nyuma ya mgongo wake, akasema acha, na baada ya kitambo akasema tena acha, ingawa Tulia hakuwa amesogea. Alisimama pale akiteseka na kufurahi kwa pamoja, goti likicheza, hadi maji yakaisha na Mlevi akapunguza mwendo, akayumba mara ya mwisho, akasimama.

"Haya," mkewe alisema. "Amezunguka mpaka maji yameisha. Nimeona."

"Hiyo haikuwa ahadi. Ahadi ilikuwa mbele ya kaka yako, naye ameondoka."

"Kaka alisinzia."

"Kaka yako hajawahi kusinzia mahali penye kitu cha kucheka."

Wakabishana, na yalikuwa mabishano ya ajabu, kila mmoja akimsukumizia mwenzake chumba. Mkewe alisema hataki ushindi wa maji kwenye pistoni. Tulia alisema mtu akivunja neno lake mwenyewe nyumbani, huko nje nani ataliamini? Tena kazi yake yeye mkewe ilikuwa kazi ya watu, watoto walikuwa wanasubiri kuvaa. Mlevi hakuwa na mtoto anayemsubiri. Akaanza kushusha tupa ukutani.

Alishusha tupa, akafungua jiliwa, akabeba mashine ya kukereza hadi barazani akipumua kama aliyepanda mlima. Ikabaki meza. Wakaishika huku na huku, wakaigeuza ubavu, ikagota mlangoni. Wakaisimamisha, ikagota dari. Tulia akaipima kwa macho, akaingia chini yake, na sauti yake ikatoka huko ikiwa ndogo. Mbao zilikuwa zimeingia moja moja. Alizifunga akiwa humu ndani kwa bolti, na ncha za bolti akazigonga kwa nyundo mpaka zikasambaa kama uyoga, zisije zikalegea. Hakuna spana ya kuzifungua.

Mkewe akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Tulia alitoka chini ya meza na vumbi kichwani, naye hakucheka, akaenda kuchukua msumeno wa chuma. Alikuwa amekwisha kuuweka kwenye bolti ya kwanza mkewe alipouliza anafanya nini.

"Nazikata. Nilisema kila kitu kitatoka."

"Ukiikata meza, mimi vitambaa vya shule nzima nitakatia wapi?"

Msumeno ukasimama. Mkewe aliinuka, akapitisha kiganja juu ya mbao, pana, nyoofu, zilizolainishwa na miaka ya mashuka ya watu wengine. Hajawahi kuwa na meza ya kukatia. Alipima kwa shubiri kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, akarudi nusu, akafikiri, akachora mstari kwa chaki yake ya fundi. Huku kote kwake. Kona ile, ya jiliwa, ya mlevi. Na sheria moja: kitambaa cheupe kikiwa mezani, tupa haiguswi.

Kwa hiyo sasa kiwanda kinapomwachia, Tulia huja mbio kama mwanafunzi. Cherehani mbili zinaunguruma chumbani, msaidizi anafunga vifungo, na mashati meupe yamelala kwenye meza hadi ukingoni. Mlevi yuko kwenye kona yake, amefunikwa kikombe. Anatakiwa aundwe mwingine, mwenye silinda mbili zinazoyumba kwa kupokezana, mchoro wake umekwisha kuiva kichwani na vidole vinamwasha.

"Nyeupe bado?" huuliza mlangoni.

"Bado," mkewe hujibu bila kuinua kichwa.

Huzunguka nyumba. Hugusa bomba la maji la uani, husikiliza, halina kitu. Hurudi. Nyeupe bado. Huzunguka tena kwa upande wa pili, kana kwamba njia hiyo inafika mapema zaidi. Jana alipoingia kwa mara ya tatu hakuuliza. Alivuta kigoda, akachukua mkasi mdogo, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa, si kwa wema, bali ili yaishe upesi yaondoke mezani.

"Usikate karibu hivyo," mkewe alisema.

"Nakata vizuri."

"Unakata kama mtu anayekimbizwa."

Tulia alivuta shati lingine.